Je, wajua kwa nini oili ya trekta inadondoka sehemu ambayo haivuji?

Msimu uliopita wa kuandaa majaruba, baba mdogo wangu wa Magu, huku kwetu Mwanza, alinipigia simu jua halijachomoza. Shikamoo, marahaba, halafu moja kwa moja: "Mwanangu, hela ya sili nimeshatoa, fundi kafunga kafunga, na trekta bado linakojoa palepale." Ni trekta dogo, hosipawa 30 na kitu, la kuvuta roteveta, lile jembe la visu vinavyozunguka, kwenye mpunga, na kila asubuhi lilikuwa linaacha doa la oili chini ya ekseli ya nyuma upande wa kulia. Fundi aliona doa, akaangalia juu yake, akakuta sili ya ekseli, ile pete inayozuia oili isitoke, imelowa, akaibadilisha. Mtu yeyote angefanya hivyo na ndo maana nimeamua kuandika hii, maana hela nyingi sana za wakulima wetu zinaishia kwenye sili ambazo hazikuwa na kosa.

Jibu ni kwamba oili ikitoka haianguki chini palepale. Inashika chuma. Inatambaa chini ya tumbo la gia boksi, inafuata ukingo wa bolti, inapita juu ya paipu, na inakuja kuachia pale inapofika sehemu ya chini kabisa ambapo haina tena pa kwenda, sasa hapo inaweza ikawa imetembea mita nzima kutoka ilikotokea. Ongeza na feni ya rejeta ambayo kwenye matrekta mengi inapuliza upepo kurudi nyuma muda wote injini inawaka, kwa hiyo kitu kinachovuja mbele kinakuja kulowesha nyuma. Na Mwanza yetu hii ya miinuko, ukipaki kwenye mteremko oili inafuata mteremko. Kuna kipimo rahisi hapo na hakina gharama: usiku wa pili geuza trekta lielekee upande mwingine, tandika boksi lililokunjuliwa chini, asubuhi angalia. Doa likihama, basi ujue oili inasafiri, usiguse sili yoyote kwanza.

Cha pili, jiulize inavuja saa ngapi. Hili watu wanaliruka na ndo lenye majibu mengi. Haidroliki, yaani mfumo wa oili unaonyanyua jembe, ina upande wa presha, kutoka pampu kwenda kwenye valvu na silinda, na kule presha kwenye trekta dogo inafika psi (kipimo cha presha) 2,000 mpaka 3,000, wakati tairi la gari dogo lina 30 na kidogo tu. Tundu la upande huo linaweza kukaa kavu kabisa usiku kucha halafu likatema ukishanyanyua jembe. Paipu inayorudisha oili yenyewe haina nguvu hiyo, na sili za gia boksi nazo hivyohivyo, hizo zinachuruzika polepole hata trekta likiwa limelala. Halafu kuna upande wa kunyonya, kati ya chujio na pampu, huu unadanganya kuliko yote kwa sababu injini ikiwaka hautoi oili nje, unavuta hewa ndani. Dalili zake ni pampu inapiga mluzi, mikono ya nyuma inanyanyua kwa kushtukashtuka, na oili kwenye kijiti cha kupimia ina mapovu. Ukiiacha itulie masaa kadhaa ikarudi kuwa safi, ilikuwa hewa. Ikibaki nyeupe kama chai ya maziwa ni maji, hiyo kesi nyingine kabisa na inataka oili imwagwe.

Sasa kutafuta. Huwezi kuona mvujo kwenye trekta chafu, haiwezekani, maana vumbi la kiangazi na oili vinatengeneza uji mweusi unaofunika kila kitu. Osha kwa sabuni ya unga na maji, brashi ndogo kwenye kona, kausha. Na naomba hapa nisikilizwe vizuri: usipeleke trekta kuoshea ziwani wala mtoni. Mto Simiyu unaingia Ghuba ya Speke hapo hapo Magu, maji ambayo watu wanateka ya kunywa na kuvua dagaa. Osha mbali, ile oili nene kwanza ifute kwa vumbi la mbao uiokote.

Likishakauka, paka poda. Poda ya mtoto ileile ya dukani. Tulilipaka trekta la baba mdogo kuanzia pampu mpaka ekseli likawa jeupe lote, tukawasha injini, yeye akakaa kwenye usukani ananyanyua na kushusha roteveta, mimi nimesimama pembeni na tochi. Dakika kama nne hamna kitu. Halafu chini ya kikanyagio cha dereva, mbele kabisa kule, ikaanza kutokea alama nyeusi nyembamba kwenye poda, inatembea kama mstari wa siafu, ikaingia chini ya gia boksi, ikapita bolti mbili, ikaelekea ekseli ya kulia.

Hapo mkono unawasha kutaka kwenda kupapasa. Usithubutu! Oili inayotoka kwenye katundu kadogo kwa presha ile inapenya ngozi, hata psi 100 inatosha, na inaingia kwenye nyama na hata glovu haizuii. Unaona kidoti tu kama umechomwa sindano, pengine hata hakiumi sana, kumbe ndani kidole kinaoza. Ikikutokea usisubiri kesho, kimbia hospitali kubwa kama Bugando saa hiyohiyo na uwaambie ni oili ya haidroliki ya presha, kwa sababu inataka upasuaji ndani ya masaa machache. Kutafuta tumia kipande cha boksi kwenye fimbo, ukipitishe karibu na hosi, kitalowa chenyewe. Kabla ya kushika kitu shusha jembe mpaka chini, zima injini, zungusha livea zote mbele nyuma mara kadhaa presha iishe.

Tulipozima, mstari ulikuwa unaanzia mwisho wa hosi, kwenye kile kifungo cha chuma kilichopresiwa. Nilikuwa karibu niilaumu nati, na wengi hapo wanakaza mpaka inapasuka au wanazungushia tepu nyeupe ya bomba. Nati nyingi za hosi za haidroliki hazizibi kwa nyuzi zake za kukazia, zinaziba kwa koni au oringi, kale kapete ka mpira, tepu haisaidii chochote na vipande vyake vinaenda kukwama kwenye valvu. Ila nati yetu ilikuwa kavu. Nikaipapasa hosi kurudi nyuma, shubiri moja, pale inapogusa bano la chuma, kuna uvimbe kama lengelenge. Mpira wa ndani umepasuka hapo, oili ikawa inatambaa katikati ya matabaka ya hosi na kutokea mwishoni. Yaani ilisafiri mara mbili, ndani ya hosi kisha chini ya trekta.

Na kwa nini usiachie tu kitu kidogo hivyo? Tone moja kwa sekunde linafika lita 4 kwa siku, na kwenye matrekta mengi madogo oili ya haidroliki ndo hiyohiyo ya gia boksi. Ikipungua, gia ndo zinalipa.

Hosi mpya ilipresiwa mjini, tukaifunga kwa spana mbili isijikunje na tukaivalisha kipande cha mpira wa tyubu pale kwenye bano. Ile ya zamani tuliipasua kwa msumeno. Nje ilikuwa nzima karibu yote, mkwaruzo mmoja tu uliojaa tope la jaruba, lakini ndani nyuzi za chuma zilikuwa zimeshaota kutu. Baba mdogo kaitundika ukutani stoo, anasema dereva yeyote mpya ataonyeshwa hiyo kwanza ndo apewe ufunguo.