Je, wajua kwa nini sifuri ya JavaScript haiji mara moja?

Ukijiandaa kwa mtihani wa cheti cha JavaScript, lugha ya kuandikia programu za tovuti, hukawii kukutana na swali la aina hii: unapewa mistari michache ya msimbo, unaulizwa itachapisha nini na kwa mpangilio upi.

```
console.log('A');
setTimeout(() => console.log('B'), 0);
Promise.resolve().then(() => console.log('C'));
console.log('D');
```

Wengi hujibu A, B, C, D. `setTimeout` huahirisha kazi kwa muda unaoutaja, na hapa muda ni sifuri. Kungoja milisekunde sifuri si sawa na kutongoja? Hapana. Jibu ni A, D, C, B.

JavaScript hufanya jambo moja kwa wakati, na ikishaanza kazi haiiachi katikati. `setTimeout` haifanyi kazi uliyoipa. Inamkabidhi kivinjari, naye muda ukiisha anaipanga kwenye foleni. Ile sifuri ni muda wa chini kabisa wa kungoja, wala hakuna aliyekuahidi kwamba zamu yako itafika papo hapo. Ndiyo maana D inaitangulia B: mistari yote ya msimbo lazima iishe kwanza, ndipo foleni iguswe.

Na C je, mbona imeipita B? Kwa sababu foleni ni mbili. Kazi za `.then`, yaani zinazongoja `Promise` (ahadi ya jibu litakalokuja baadaye) itimie, zina foleni yao, na injini inayoendesha msimbo huimaliza yote kabla ya kugusa ile ya `setTimeout`, pamoja na zile zinazoongezwa humo wakati inaendelea kuimaliza. (Hivyo mlolongo wa `.then` unaojizalisha bila kikomo utaugandisha ukurasa mzima. `setTimeout` inayojirudia haifanyi hivyo.)

Watunga mitihani wanalipenda swali hili kwa kuwa halikaririki. Wakihamisha mstari mmoja tu, au wakitia `await` (inayosimamisha fanksheni hadi ahadi itimie), jibu ulilokariri halifai tena. Kwa hiyo kufanya mazoezi kwa kusoma majibu, kwa maoni yangu, ni kupoteza muda. Andika ubashiri wako kwenye karatasi kwanza, ndipo uendeshe msimbo. Ukikosea, tafuta ni mstari gani uliouweka kwenye foleni isiyo yake, kisha badilisha kitu kimoja na ubashiri tena.

Jaribu na hiki:

```
for (var i = 0; i < 3; i++) {
  setTimeout(() => console.log(i), 0);
}
```

Kinachapisha 3, 3, 3. `var` hutengeneza `i` moja kwa kitanzi kizima, na fanksheni zote tatu zinaishika hiyo hiyo. Zinashika `i` yenyewe, si namba iliyokuwemo wakati ule. Zamu yao inapofika, kitanzi kimeshaisha na `i` imefika 3. Weka `let`, iliyoingia na toleo la lugha liitwalo ES6 mwaka 2015, upate 0, 1, 2, maana kila mzunguko unapata `i` yake. Swali hili moja linapima mambo mawili kwa mpigo: foleni, na mipaka ya majina.

Yapo pia maswali yasiyo na mantiki ya kuchimba, hayo yakariri usonge mbele. `typeof` hutaja aina ya thamani, na `null` ni thamani ya "hakuna kitu"; lakini `typeof null` hutoa `'object'`, kosa lililobaki tangu 1995, Brendan Eich alipoiunda lugha hii kwa siku 10 akiwa kampuni ya Netscape. Katika toleo lile la kwanza kila thamani ilibeba biti chache za kutambulisha aina yake. Za objekti zilikuwa sifuri, na `null` nayo ilikuwa sifuri tupu. Kulirekebisha leo kungevunja tovuti nyingi, basi limeachwa.

`[10, 9, 1].sort()` nayo hutoa `[1, 10, 9]`, kwa kuwa usipoielekeza hulinganisha namba kama maandishi, herufi kwa herufi. Ukitaka mpangilio wa namba, ipe `(a, b) => a - b`.