Curaçao mwezi Oktoba

Kuna imani ya miaka mingi kwamba Septemba hadi Novemba visiwa vyote vya Karibi havifikiki kwa sababu ya vimbunga. Si vyote. Msimu ni kweli, Juni 1 hadi Novemba 30, lakini vimbunga vingi hupita kaskazini ya Curaçao, kisiwa kilicho jirani na pwani ya Venezuela, takriban nyuzi 12 kaskazini mwa ikweta.

Tuwe waangalifu, maana latitudo pekee si kinga: Grenada nayo iko nyuzi 12, na kimbunga Ivan kiliivunjavunja mwaka 2004. Curaçao iko mbali zaidi magharibi, ubavuni mwa bara. Oktoba utakuta joto, manyunyu mafupi, na miti ya dividivi iliyolazwa upande mmoja na upepo wa mashariki. Fuatilia utabiri tu. Mwaka 2010 mvua za dhoruba Tomas zilifurisha Willemstad, mji mkuu wa Curaçao.