Saratani ya mfupa kwa vijana: jeni zinaweza kutueleza nini?

Mtoto amekutwa na osteosakoma. Jeni zinaingiaje hapo?
Osteosakoma ndiyo saratani ya mfupa inayowapata zaidi watoto na vijana, hasa karibu na goti, katika umri wa kurefuka haraka. Jeni inayofanya kazi hunakiliwa kuwa RNA, na RNA hiyo hutumika kutengeneza protini. Ndani ya uvimbe huu utaratibu umevurugika. TP53 na RB1, ambazo huzuia seli zisigawanyike ovyo, mara nyingi zimeharibika. MYC, inayozichochea, huweza kufanya kazi kupita kiasi.

Kwa hiyo kipimo cha jeni kitasema nani atapona?
Hapana, bado. Tukitazama wagonjwa wengi kwa pamoja, MYC iliyozidi huendana na matokeo mabaya, na uvimbe wenye dalili nyingi za seli za kinga huendana na maisha marefu zaidi. Ila ugonjwa huu ni adimu, tafiti nyingi zina wagonjwa wachache, na orodha ya jeni iliyofaulu kwa kundi moja mara nyingi hufeli kwa jingine. Ukiambiwa ulipie kipimo hicho, uliza kwanza: majibu yatabadilisha matibabu gani?

Na Ewing, saratani nyingine ya mfupa?
Hapo ni tofauti. Saratani ya Ewing hutokana na jeni mbili zilizoungana, mara nyingi EWSR1 na FLI1, na kuuona muungano huo huthibitisha ugonjwa. Kuna faida kujua, kwa sababu dawa zake si zile za osteosakoma, na Ewing husikia mionzi vizuri zaidi.

Daktari anakadiria nafasi ya kupona osteosakoma kwa kutumia nini, basi?
Kwanza huangalia kama ugonjwa umeenea kwenye mapafu, kwa CT (picha za kina) ya kifua. Penye kemotherapi kamili na upasuaji, wagonjwa wapatao 60 hadi 70 kati ya 100 ambao ugonjwa haujaenea huishi miaka 5 au zaidi. Ukishaenea, ni kama 20 hadi 30. Kisha, baada ya kemotherapi ya awali na upasuaji, uvimbe uliotolewa hupimwa: seli zilizokufa zikifika asilimia 90, dawa zimefanya kazi vizuri. Uvimbe wa nyonga au uti wa mgongo ni mgumu zaidi kwa sababu kuutoa wote si rahisi.

Kwa nini sampuli ya mfupa huharibika maabara?
Tatizo kubwa ni asidi. Mfupa ni mgumu kukatwa, hivyo hulainishwa kwa kuondolewa kalsiamu. Asidi kali hufanya hivyo haraka lakini huvunjavunja DNA na RNA. Kemikali iitwayo EDTA huchelewa, ila huzihifadhi. Njia nzuri ni kutenga kipande laini kisichohitaji kulainishwa. Kipande cha kawaida kiwekwe kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi) ya asilimia 10, yenye ujazo mara 10 ya kipande chenyewe. Kipande cha kupimia RNA kigandishwe mara moja. Tena biopsi, yaani kuchukua kipande cha uvimbe, ipangwe na daktari atakayefanya upasuaji, maana njia iliyopitiwa na sindano lazima itolewe pamoja na uvimbe. Ikipita mahali pabaya, mguu uliokuwa uokolewe unaweza kukatwa.

Tuanzie wapi?
Maumivu ya mfupa yanayomwamsha mtoto usiku, au uvimbe unaokua kwa wiki kadhaa, yapigiwe eksirei kwa pande mbili kabla ya kukandwa au kupelekwa kwa waunga mifupa. Picha ikitia shaka, omba rufaa kwenda Taasisi ya Saratani ya Uganda, Mulago, na ubebe picha zote, hata za zamani.