Wakili wa Mtoto Aliye Mikononi mwa Serikali: Dhana Potofu na Ukweli

Ukimwambia bibi kwamba mjukuu wake yuko kwenye malezi ya kambo, anachosikia ni kwamba bintiye ameolewa upya. Nafanya ukalimani wa Kiswahili kwenye mahakama za watoto hapa Marekani, na neno hilo hunisumbua kila siku. Kambo yetu inatokana na ndoa. Ya huku inatokana na amri ya jaji. Serikali imemwondoa mtoto nyumbani, imemkabidhi kwa walezi inaowalipa posho, na kesi inaendelea. Mwishoni mwa Septemba 2022 watoto wa namna hiyo walikuwa zaidi ya 368,000 nchi nzima. Wapo wanaotoka kwenye familia zetu, na ni kwenye korido, tukisubiri kuitwa, ndiko ninakosikia mambo ninayotaka kuyanyoosha hapa.

"Marekani kila mtoto anayefikishwa mahakamani hupewa wakili"

Mwenye uhakika wa kupewa ni yule anayeshtakiwa kwa kosa. Hilo lilipatikana kwa jasho la kijana wa Arizona, Gerald Gault, aliyekamatwa mwaka 1964 akiwa na miaka 15 kwa madai ya kumpigia jirani simu yenye maneno machafu. Hakuwa na wakili, na jirani aliyelalamika hakuonekana mbele ya jaji hata mara moja. Mtu mzima kwa kosa hilo angetozwa faini ya dola 5 hadi 50, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili. Gault aliamriwa kukaa shule ya marekebisho hadi atimize miaka 21. Mei 1967 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mtoto anayeweza kunyang'anywa uhuru wake ana haki ya wakili, na familia isipokuwa na uwezo, wakili alipwe na serikali.

Sasa mtazame mtoto aliyeondolewa kwao. Hajafanya kosa lolote, na ajabu ni kwamba kutokuwa na kosa kunampunguzia ulinzi. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inayataka majimbo yanayopokea fedha za kupambana na ukatili kwa watoto yamteulie mtoto mtu wa kumsemea mahakamani. Haisemi lazima awe wakili. Anaweza kuwa mwananchi anayejitolea baada ya mafunzo, utaratibu ulioanzia Seattle mwaka 1977. Hao wanaojitolea nawaheshimu. Wengi humtembelea mtoto mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote wa mahakama. Lakini kwa kawaida hawawezi kumhoji shahidi, kupinga hati wala kukata rufaa. Baadhi ya majimbo humpa kila mtoto wakili, mengine humwachia jaji aamue. Huko Georgia suala lilifika kortini, na mwaka 2005 jaji wa shirikisho akasema katiba ya jimbo hilo inawapa watoto hawa haki ya wakili.

"Wakili wa mtoto ameletwa na ustawi wa jamii"

Chumba kimoja kinaweza kuwa na mawakili wanne: wa idara ya ustawi wa jamii, wa mama, wa baba na wa mtoto. Wote wamevaa suti, wote wanaitana kwa majina ya kwanza na kucheka pamoja kabla jaji hajaingia. Hapo mzazi anahitimisha kwamba lao moja. La hasha. Wakili wa idara anaitetea idara, na wa mtoto anaweza kusimama na kuipinga idara hiyo hiyo mbele ya jaji. Nimetafsiri mabishano yao mpaka sauti ikanikauka. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza yeyote anayekunyooshea mkono kwenye korido ni hili: "Wewe ni wakili wa nani?" Halina utovu wa adabu, na anawajibika kulijibu.

Hapa pia naungama kosa langu. Zaidi ya nusu ya watoto wanaoondolewa majumbani, sababu inayoandikwa ni kwamba hawakutunzwa ipasavyo (kwa Kiingereza "neglect"), si kwamba walipigwa. Siku moja, mapema katika kazi hii, nililitafsiri neno hilo kuwa "kutelekeza". Mama akasimama: "Nimtelekeze wapi, na mimi nilikuwa zamu ya usiku?" Alikuwa na haki ya kusimama. Kutelekeza ni kumwacha mtoto na kwenda zako. Alichotuhumiwa nacho ni kumwacha mdogo na mkubwa wake usiku kucha. Lugha ya kesi ikikosewa, hata wakili hodari atakuwa anapigana vita visivyokuwepo.

"Wakili atamwambia jaji anachokitaka mtoto"

Inategemea jimbo, na hapa ndipo familia nyingi huvunjika moyo. Kuna mawakili wanaofuata maelekezo ya mteja wao, hata kama mteja ana miaka 12: akitaka kurudi kwa mama, hilo ndilo wakili atakalolipigania, akiwa amemweleza kwanza hatari zake. Kuna wengine ambao kazi yao ni kupendekeza kile wao wanachoona ni maslahi bora ya mtoto, na wanaweza kusema kinyume cha alichowaambia. Mwaka 2011 Chama cha Mawakili cha Marekani kilipitisha sheria ya mfano inayotaka mtoto awe na wakili wa aina ya kwanza. Majimbo hayalazimiki kuifuata.

Mimi naegemea huko. Watu wazima wa kutoa maoni kuhusu maslahi ya mtoto wamejaa chumba kizima. Anayekosekana ni wa kubeba neno lake. Tena kuna suala la siri. Anachoambiwa wakili anayefuata maelekezo ya mtoto kinalindwa kama siri ya mteja yeyote. Anayejitolea kuripoti kwa mahakama hana kinga hiyo, na mtoto akijifunza hilo baada ya kusema, hatasema tena.

"Cha bure ni hafifu"

Bure ni kwa mtoto tu. Wakili aliyeteuliwa na mahakama hulipwa na jimbo au wilaya, na tangu 2019 serikali ya shirikisho imekubali kurudisha sehemu ya gharama za kuwawakilisha watoto wanaostahiki msaada wake. Wengine wanatoka mashirika yasiyo ya faida, kliniki za vyuo vya sheria, au kampuni kubwa zinazotoa saa zao kwa kujitolea, hasa kwenye kesi za kuasili. Anayefanya kesi hizi tu mwaka hadi mwaka anaijua sheria yake kuliko wakili wa kulipwa anayeshughulika na talaka na ajali za magari.

Udhaifu upo, ila hautokani na bei. Katika kesi ile ya Georgia ilibainika kwamba wakili mmoja katika wilaya ya Fulton alikuwa na wastani wa watoto zaidi ya 400, wakati kiwango kinachopendekezwa hakizidi 100. Hata malaika angesahau majina.

"Kazi yake ni kusema mtoto akae wapi"

Hicho ni kipande tu. Idara inatakiwa kuwaarifu ndugu watu wazima ndani ya siku 30 baada ya mtoto kuondolewa. Shangazi asiyepewa taarifa ana wa kumlalamikia: wakili wa mtoto. Idara inatakiwa kujitahidi kuwaweka ndugu wa tumbo moja pamoja. Tangu sheria ya elimu ya 2015, mtoto anayehamishwa makao ana haki ya kubaki shule yake ya awali isipokuwa ikionekana hailingani na maslahi yake, na akihama lazima aandikishwe mara moja hata kama karatasi hazijafika. Kuanzia miaka 14 anatakiwa kupewa kila mwaka nakala ya rekodi yake ya mikopo, kwa sababu jina la mtoto aliyepita nyumba tano ni rahisi kuibwa na kutumiwa kukopa. Wala 18 si ukuta: majimbo mengi humruhusu abaki kwenye malezi hadi 21, na aliyekuwa humo na Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato kidogo) alipofika 18 anaweza kuendelea nayo hadi 26. Mengi ya haya hayaji yenyewe. Huja kwa kuombwa.

"Wakili huyo huyo atamshughulikia na uhamiaji"

Mahakama ya uhamiaji ni dunia nyingine, na humo serikali hailazimiki kumlipia mtu wakili, hata akiwa mtoto mchanga. Jaji mmoja mwandamizi wa uhamiaji alitoa ushahidi kwa kiapo kwamba amewahi kuwafundisha watoto wa miaka mitatu na minne sheria ya uhamiaji wakaielewa. Nimewatafsiria watu wazima wenye shahada wasioielewa.

Hata hivyo mahakama hizi mbili zina mlango mmoja kati yao. Tangu 1990 ipo hadhi maalum ya uhamiaji, inayofungua njia ya makazi ya kudumu, kwa mtoto ambaye jaji wa jimbo ametamka kwamba hawezi kuunganishwa tena na mzazi mmoja au wote wawili kwa sababu ya ukatili, kutotunzwa au kutelekezwa (hapa neno langu la zamani ni sahihi). Ombi lazima liwasilishwe kabla ya miaka 21 akiwa hajaoa wala kuolewa, lakini tamko la jaji mara nyingi halipatikani baada ya 18, kwa hiyo wakili akichelewa mwezi mmoja anaweza kuwa amechelewa moja kwa moja. Na mlango huo una gharama yake: anayepata makazi ya kudumu kwa njia hiyo hataweza kamwe kumwombea mzazi wake aliyemzaa makazi ya Marekani, hata akija kuwa raia, hata kama mzazi huyo ndiye asiyemtendea ubaya wowote. Kijana wa miaka 16 anayempigia mama yake simu kila Jumapili anastahili kuambiwa hilo, kwa lugha anayoielewa, kabla hajatia sahihi.