Kiyoyozi Kinanguruma, na Gesi Haihusiki

Kila mwaka mvua za vuli zinapokatika na joto la kaskazi kuanza kuikaba Dar es Salaam, simu yangu hulia na sentensi ninayoijua kabla haijamalizika: "Fundi, AC inanguruma, naona gesi imeisha, njoo na mtungi." Wiki iliyopita niliisikia mara nne ndani ya siku mbili. Mteja wa nne, mama mmoja wa Upanga, nilimuuliza kama chumba bado kinapoa, naye akanijibu kwamba kinapoa mpaka usiku anajifunika blanketi, ila kelele ndizo zinazomnyima usingizi. Kiyoyozi kinachomfanya mtu atafute blanketi mwezi wa Januari hakina upungufu wa gesi, na nimechoka kulieleza jambo hilo nikiwa juu ya ngazi.

Nadhani kosa limeanzia kwenye neno lenyewe. Gesi tuliyoizoea majumbani ni ile ya mtungi wa jikoni, ambayo huwaka, huisha, na hulazimu kijana wa dukani alete mtungi mwingine kwa bodaboda. Gesi ya kiyoyozi haiwaki ili ifanye kazi, wala hailiwi. Kazi yake ni kubeba joto tu: huingia kwenye koili ya ndani ikiwa kimiminika baridi, hufyonza joto la chumba na kugeuka mvuke, kisha kompresa huukandamiza mvuke huo na kuusukuma hadi kwenye koili ya nje, ambako hutema joto, hurudi kuwa kimiminika na kuanza safari upya. Mzunguko wote umefungwa. Kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mashine ya nje, kwa gramu au kwa kilo, ndicho kinachopaswa kuwa bado kimo humo siku mashine itakapouzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Anayebisha alitazame jokofu lake. Linafanya kazi kwa kanuni ileile, lina kompresa na gesi ya jamii hiyohiyo, tena linaunguruma usiku na mchana kwa miaka kumi au zaidi bila mtu yeyote kuja kuliongezea chochote. Sijawahi kumsikia mteja akisema jokofu lina kelele kwa hiyo liongezwe gesi. Tofauti ni kwamba mabomba ya jokofu yamechomelewa kiwandani, ilhali ya kiyoyozi huungwa na sisi mafundi ukutani kwako kwa nati za shaba, na hapo ndipo uvujaji mwingi hutokea. Gesi ikipungua, basi ipo njia inayotoka. Fundi anayekuja na mtungi, akaongeza, akachukua hela yake na kuondoka bila kupaka povu la sabuni kwenye nati wala kupima mabomba kwa presha ya naitrojeni, amekujazia maji ndoo iliyotoboka, na baada ya miezi michache mtaonana tena.

Upungufu wa gesi una dalili zake, na mngurumo si mojawapo. Chumba huchelewa kupoa au hakipoi kabisa, barafu huota kwenye bomba jembamba au kwenye koili ya ndani, na kama kuna sauti, basi ni sss, kama mtu anayepuliza kwa meno yaliyofungwa, ambayo huendelea muda wote mashine inapofanya kazi. Mlio mfupi wa namna hiyo unaosikika mara tu baada ya kuzima ni jambo jingine kabisa: hiyo ni presha ya pande mbili za mzunguko ikisawazika, nayo hukoma yenyewe baada ya dakika chache. Ama kutetemeka, kugonga, kukwaruza na kuvuma ni sauti za vitu vigumu vinavyozunguka au kugusana, na hakuna gesi duniani inayokaza skrubu.

Ubaya ni kwamba gesi ya nyongeza haiishii kutosaidia tu, bali yenyewe inaweza kuleta kelele ambazo hazikuwapo. Kompresa imetengenezwa kukandamiza mvuke, na kimiminika hakikandamiziki. Mzunguko ukijazwa kupita kiasi, sehemu ya gesi hurudi kwenye kompresa ikiwa bado kimiminika, nayo huanza kugonga, ngo-ngo-ngo, huku presha ya upande wa nje ikipanda na umeme mwingi zaidi ukitumika. Hatari ni kubwa zaidi kwa fundi aliyezoea mashine za zamani zenye gesi aina ya R22 akakutana na gesi mpya zaidi ya R410A, ambayo presha yake ni takriban mara 1.6 ya ile ya R22, kisha akaisoma geji kwa mazoea badala ya kuipima gesi kwenye mizani. Isitoshe, R22 ni miongoni mwa gesi zinazoharibu tabaka la ozoni na zinazoondolewa chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Nchi zetu zimepangiwa kuacha kuiingiza ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizokwishafungwa. Kuiongeza kila mwaka kwenye mashine inayovuja ni kuilipia gharama ili ipotelee hewani.

Kwa nini basi imani hii haifi? Sehemu ya lawama ni yetu. Kuongeza gesi huchukua robo saa na mteja huona mtungi, geji na mipira ya rangi, akaridhika kwamba kazi imefanyika, wakati kuifungua blowa, yaani feni ya mashine ya ndani, na kuiosha ni kazi ya saa tatu inayoacha matope sakafuni. Halafu fundi huyohuyo, akiwa hapo, huosha chujio na kukaza kifuniko, kelele zikapungua kwa wiki mbili, na sifa zote zikaenda kwa gesi.

Yule mama wa Upanga alikuwa ameongezewa gesi mara mbili tangu Novemba. Mashine yake ilikuwa ya BTU 12,000, kipimo cha nguvu ya kupoza, na kibandiko kilionyesha gramu 850 za R410A. Nilipoinyonya gesi yote kwa mashine yangu na kuiweka kwenye mizani, nilipata gramu 1,020. Hata hivyo, hiyo haikuwa sababu ya mtetemo uliokuwa ukimwamsha. Nilifungua mashine ya ndani, nikaitoa blowa, ule mcheduara mrefu wenye mapezi mengi membamba ambao hupuliza hewa ya baridi chumbani, nikaigeuza polepole kwenye mwanga wa dirishani. Katikati ya mapezi mawili nyigu walikuwa wamejenga kiota cha udongo, tonge lenye ukubwa wa tende moja. Walijenga wakati wa kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, wakati kiyoyozi kilipozimwa kwa sababu upepo ulitosha.

Tonge kama hilo linaonekana dogo mpaka ufanye hesabu. Blowa ikizunguka mara 1,200 kwa dakika, gramu 5 za udongo zilizo sentimita 5 kutoka kwenye shafti huivuta kwa nguvu sawa na uzito wa karibu gramu 400, na mvuto huo hugeuka upande mara 20 kila sekunde. Beringi hutikisika, plastiki hutikisika, bamba la ukutani hutikisika, na mtu aliyelala chini yake huapa kwamba kompresa inakufa. Huhitaji hata nyigu kupata hali hii. Vumbi la barabarani lililochanganyika na moshi wa jikoni na unyevu hujenga gamba kwenye mapezi, lisilo sawa kila upande, na kuosha chujio peke yake hakuligusi. Ushauri wangu, ambao naurudia mpaka wateja wananicheka, ni kwamba blowa itolewe na kuoshwa mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa Oktoba, kabla ya joto na kabla mafundi hatujawa adimu.

Dhana nyingine hazinikasirishi kiasi hicho. Wapo wanaoamini kwamba mashine ya nje ikijengewa kibanda au kuzungushiwa mbao, kelele zitabaki humo. Mashine hiyo huishi kwa kuvuta hewa ya kawaida nyuma na kutupa hewa ya moto mbele. Ikifungiwa, huvuta tena hewa yake yenyewe ya moto, presha hupanda, na kompresa hupiga kelele zaidi ya zile zilizotaka kufichwa. Kinachosaidia ni raba nene chini ya miguu yake minne, na kuepuka kuifunga kwenye ukuta wa chumba cha kulala, kwa sababu ukuta wa tofali zenye uwazi ndani hupokea mtetemo kama ngozi ya ngoma. Kwa wakazi wa Msasani, Masaki na kwingine karibu na bahari, kagueni pia mabano ya chuma, maana chumvi huyala kuanzia kwenye parafujo, na mlio wa kugongagonga huja muda mrefu kabla mashine haijaanguka.

Mafuta ya cherehani yasitiwe kwenye blowa. Yanapunguza mlio kwa siku tatu, kisha yanakuwa gundi ya vumbi.

Mlio wa "tak" unaosikika mara kwa mara baada ya kuwasha au kuzima ni plastiki inayosinyaa na kutanuka kwa mabadiliko ya joto, si jini wala si uharibifu. Sauti ya maji yanayobubujika kwenye mashine ya ndani, ambayo wengi huniambia ni gesi inayochemka, mara nyingi hutoka kwenye bomba la maji machafu: nyumba ikiwa imefungwa madirisha na feni ya kutoa moshi jikoni inafanya kazi, hewa ya nje huvutwa kupitia bomba hilo na kupita katikati ya maji. Fungua dirisha kidogo, na kama bubujiko limekoma, umejipatia jibu bila kumlipa mtu.

Wengine wamenunua kiyoyozi cha inveta, ambacho hubadilisha mwendo wa kompresa badala ya kuiwasha na kuizima, wakiahidiwa ukimya, na sasa wanahisi wamedanganywa. Inveta hutulia inapokuwa imefikia joto lililowekwa na kupunguza mwendo. Ukifunga cha BTU 9,000 kwenye sebule kubwa iliyounganika na jikoni, kisha ukakiweka nyuzi 16, hakitafika kamwe, kwa hiyo kitakimbia kwa kasi ya juu kutwa nzima. Desibeli zilizotangazwa kwa herufi kubwa kwenye boksi huwa ni za feni ikiwa kwenye kasi yake ya chini kabisa, na kila desibeli 10 zinazoongezeka, sikio husikia kama sauti imezidi takriban maradufu.

Kelele ambazo wateja hawanipigii simu kwa ajili yake ndizo ningependa waniamshe usiku. Kompresa ikivuma, mmm, kwa sekunde chache bila kuwaka, ikakatika, ikavuma tena baada ya dakika kadhaa, mara nyingi ni kapasita iliyochoka au umeme uliopungua nguvu, na kila jaribio huichoma mota kidogo zaidi. Kapasita, inayoisaidia mota kuanza kuzunguka, ni kopo dogo la bei nafuu. Kompresa inaweza kugharimu karibu nusu ya mashine mpya. Vivyo hivyo chuma kikikwaruza chuma, au mlio ukiambatana na harufu ya kuungua. Katika hali hizo zima kwenye swichi ya ukutani, si kwa rimoti, kwa sababu rimoti huilaza mashine huku umeme ukiwa bado umo, na usiiwashe tena kumwonyesha fundi jinsi inavyolia. Nirekodie sauti kwa simu siku ya kwanza unapoisikia, simu ikiwa karibu na mashine na televisheni ikiwa imezimwa.