Injini kubwa kwenye MGB: uliza kilo kabla ya farasi

Sisi wakufunzi wa ufundi magari huulizwa jambo hili mara kwa mara na wenye magari ya michezo ya zamani: nikiweka injini kubwa, nitapata nguvu za farasi ngapi? Ni swali zuri, ila si la kwanza. La kwanza ni uzito. Injini mpya ina kilo ngapi, na kilo hizo zitakaa wapi juu ya magurudumu ya mbele? Anayelijibu hilo kabla ya kutoa pesa anaweza kuifanya kazi nyumbani, na gari likawa bora kuliko lilivyotoka kiwandani. Asiyelijibu huishia na gari lenye mbio lisilokubali kona.

Sisemi haya kwa kukisia. Kampuni ya magari ya MG ya Uingereza ilizijaribu njia zote mbili, ya injini nzito na ya injini nyepesi, kwenye gari lile lile la michezo, MGB. MGB ilianza kutengenezwa katika mji wa Abingdon mwaka 1962 ikiwa na injini ya silinda 4, ujazo wa cc 1798, yenye bloku na silinda hedi za chuma tupu, na nguvu za farasi 95 hivi. Mwaka 1967 kiwanda kikaipa injini ya silinda 6, cc 2912, na kuiita MGC. Nguvu ikapanda hadi farasi 145. Lakini injini hiyo nayo ilikuwa chuma tupu, ndefu na nzito, na gari likaongezeka takriban kilo 95, karibu zote puani. Boneti ikabidi iwekwe nundu ili ifungike. Springi za koili za mbele hazikupata nafasi tena, zikabadilishwa kwa fimbo za chuma zinazofanya kazi kwa kujisokota. Waandishi wa magari walipoliendesha walilalamika kwamba ukikata kona, pua inang'ang'ania kwenda moja kwa moja. Mwaka 1969 likaachwa.

Mwaka 1973 ikaja MGB GT V8. Safari hii walichukua injini ya kampuni ya Rover ya silinda 8 zilizopangwa kwa umbo la V (ndiyo maana ya V8), cc 3528, ambayo asili yake ni Buick ya Marekani. Bloku na hedi zake ni aluminiamu. Matokeo yake, injini yenye ujazo karibu mara mbili ya ile ya silinda 4 ikawa nyepesi kuliko hiyo kwa kilo kama 18. Nguvu zake zilikuwa farasi 137, pungufu kuliko za MGC, lakini gari lilikata kona vizuri na muundo wa mbele haukuhitaji kubuniwa upya. Kabla ya kiwanda kuamka, fundi Mwingereza Ken Costello alikuwa tayari akiuza MGB zenye injini hiyo hiyo. Mpaka leo ndiyo injini ninayomshauri mwenye MGB.

Uzito ukishapatiwa jibu, fuata njia ya nguvu kutoka injini hadi lami. Gia boksi ya silinda 4 haikuundwa kwa msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, wa V8. Wengi hutumia gia boksi ya gia 5 ya gari la Rover SD1, nayo hudai handaki la katikati ya sakafu, inamopita gia boksi, lipanuliwe kidogo. Difu ya MGB, yaani gia za ekseli ya nyuma, ina uwiano wa 3.9 kwa 1 (shafti huzunguka mara 3.9 gurudumu likizunguka mara moja), wakati kiwanda kiliipa V8 uwiano wa 3.07. Ukiiacha difu ya zamani, kwa mwendo ule ule injini itazunguka zaidi kwa asilimia 27, matairi yatateleza kila unapoondoka, na mafuta yataisha bure. Breki zisisubiri bajeti ya mwaka ujao. Gari likitoka kilomita 80 kwa saa hadi 120, nishati ambayo breki zinapaswa kuigeuza joto inakuwa mara 2.25. Kiwanda kiliweka diski nene zaidi mbele. Nawe fanya hivyo. Rejeta nayo iwe kubwa, yenye feni mbili za umeme kama za kiwanda.

Sasa nafasi, maana hapa ndipo wengi hukwama. Injini ya V8 ni pana, na eksozi ya upande wa dereva hupita karibu sana na shafti ya stiringi. Usipime kwa macho. Bandika madonge ya udongo laini wa kuchezea watoto kwenye shafti, kwenye kuta za chumba cha injini, na juu ya kabureta. Shusha injini ikae kwenye mauntingi zake, yaani vishikizo vyake vyenye raba, funga boneti taratibu, kisha fungua na ukate kila donge kwa kisu. Unene wa udongo uliobaki ndio nafasi uliyonayo. Kumbuka kwamba injini hujipinda kwenye raba za mauntingi unapokanyaga mafuta, kwa hiyo sehemu iliyobaki na milimita chache tu itagusa ukiwa barabarani. Stiringi ikikwama kwa sababu ya eksozi, hakuna breki itakayokuokoa.

Kuhusu kunyanyua, siwezi kulegeza neno. Toa betri kwanza, toa petroli kwenye mabomba, kisha acha milango ya gereji wazi. Gari likae juu ya stendi imara kwenye sakafu ya zege. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Injini na gia boksi vikining'inia kwenye winchi, mtu yeyote asipitishe hata mkono chini yake, na watoto wasiwepo kabisa.

Karatasi nazo zina uzito wake. Uingereza, DVLA, mamlaka ya usajili wa magari, lazima ijulishwe ujazo na namba mpya ya injini, na kampuni ya bima iambiwe kila badiliko; ukificha, siku ya ajali inaweza kukataa kulipa. Kwa aliye Kenya au Tanzania, namba ya injini imeandikwa kwenye logibuku au kadi ya gari, hivyo nayo ibadilishwe rasmi, na risiti ya ulikoinunua itunzwe.

Siku ya kuwasha, usikimbilie ufunguo. Pampu ya oili ya Rover V8 za zamani ikikauka hushindwa kuvuta, kwa hiyo fungua kifuniko chake, jaza gia zake vaselini, ufunge. Toa plagi zote, zungusha injini kwa stata mpaka geji ionyeshe presha ya oili, ndipo urudishe plagi na kuwasha. Endesha kilomita chache za polepole karibu na nyumbani, acha ipoe kabisa, kisha ingia chini ukaze upya boliti za mauntingi na za propela shafti, na utazame kwa tochi kama eksozi imeacha alama yoyote kwenye shafti ya stiringi.