Athari ya Flutie: timu ya chuo ikishinda, nani anafaidika?

Ijumaa ya tarehe 23 Novemba 1984, sekunde za mwisho kabisa, Doug Flutie wa Boston College alirusha mpira mrefu, Gerard Phelan akaudaka, na Miami wakalala 47–45. Huo ni mpira wa Kimarekani, ule wa umbo la yai unaobebwa mikononi, na nchi nzima ilikuwa ikiutazama kwenye televisheni. Katika miaka miwili iliyofuata, maombi ya kujiunga na chuo hicho yaliongezeka kwa karibu asilimia 30. Tangu hapo, imani kwamba ushindi uwanjani huleta waombaji ofisi ya udahili inaitwa athari ya Flutie.

Wakuu wa vyuo huishika sana hoja hii wanapobanwa kuhusu mishahara ya makocha. Na ni haki wabanwe: katika majimbo mengi ya Marekani mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote ni kocha wa chuo, wa mpira huo au wa kikapu. Gavana hamfikii hata kwa mbali.

Mfano unaotajwa zaidi ni Chuo Kikuu cha Alabama. Kocha Nick Saban alifika mwaka 2007, akatwaa mataji, na kufikia mwisho alikuwa akilipwa zaidi ya dola milioni 11 kwa mwaka. Wanafunzi waliokuwa karibu 24,000 walipita 37,000 katika miaka kumi hivi, wengi wao wakitoka majimbo mengine, ambao hutozwa ada kubwa zaidi. Robert Witt, aliyekuwa mkuu wa chuo, alisema hakuna uwekezaji uliowahi kukilipa chuo chake kama Saban. Ila miaka hiyohiyo chuo kilikuwa kinasambaza maofisa wa udahili nchi nzima na kugawa ufadhili kwa wenye alama za juu. Hata Boston College maombi yalianza kupanda tangu miaka ya 1970, Flutie akiwa bado mtoto.

Si kwamba athari yenyewe ni hadithi tupu. Mtafiti Doug Chung wa Harvard aliipima mwaka 2013: timu ya wastani ikiwa bora, maombi hupanda kwa karibu asilimia 17.7, na wanaovutwa zaidi ni wenye alama ndogo.

Lakini faida ya chuo na faida ya jamii ni hesabu mbili. Alabama ikitwaa taji, Marekani haipati vijana zaidi wa kusoma. Wengi wa waliokwenda huko wangesoma kwingine. Kwa makocha ni vilevile: kila mchezo una mshindi mmoja, hata mishahara yote ikipanda mara mbili. Vyuo vinachofanya ni kunyang'anyana. Novemba 2023 Texas A&M ilimfukuza kocha wake Jimbo Fisher huku yeye akiidai zaidi ya dola milioni 75: karibu milioni 19 ndani ya siku 60, zilizobaki kwa mafungu hadi 2031, hata akipata kazi nyingine. Chuo kilisema fedha zitatoka idara ya michezo na taasisi ya wafadhili wake. Sawa, lakini ni fedha zilizotolewa kwa jina la chuo.

Upande wa pili upo, na kwetu una sura tunazozijua. Mapato ya mpira huu, kwenye vyuo vinavyopata faida, hubeba michezo isiyojaza viwanja, riadha ikiwemo. Riadha ya vyuo ndiyo iliyowapokea Henry Rono wa Kenya, aliyevunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State, na Suleiman Nyambui wetu wa Tanzania, aliyesoma chuo cha El Paso, Texas, na kuleta medali ya fedha kutoka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Hilo nalihesabu kama faida halisi. Tatizo ni kwamba idara nyingi za michezo hazijitoshelezi, hivyo pengo huzibwa na bajeti ya chuo au michango anayokatwa kila mwanafunzi.

Kuna pia waliokwisha dahiliwa. Wachumi watatu walipochambua alama za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oregon, waligundua kuwa msimu timu inaposhinda sana, alama za wavulana hushuka zikilinganishwa na za wasichana. Walipowauliza, wavulana ndio waliokiri zaidi kwamba timu ikishinda wanakunywa zaidi na kusoma kidogo.